Simu Iliyoegemea Chupa ya Chai

Mwanangu Mumbere,

Barua za wazee wetu zilianza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe hata hujaondoka. Umekwenda Kinyamaseke kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule mara ya pili. Sanduku lako liko hapa karibu na mlango, na kila nikilipita nalitazama vibaya kama mgeni aliyekuja kunichukulia kitu. Lakini hofu ni kwako kweli, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za maji ya kuchemsha, wala za vijana wa stendi ya basi kule Kampala wanaokubebea mzigo kabla hujawaomba. Hayo utayasikia asubuhi, na utaitika "ndiyo Mama" bila kusikiliza, kama alivyokuwa akiitika baba yako, Mungu amlaze pema. Ninalotaka kukuambia leo limenishinda kwa mdomo. Unajua kazi niliyofanya. Mdomo wangu niliufundisha kushawishi watu, na tangu hapo hata mimi mwenyewe siuamini sana. Tukikaa uso kwa uso nitaanza kupanga sauti, nitajua wapi niishushe na wapi ninyamaze kidogo ili uingiwe na huruma. Kalamu sijaizoea hivyo. Humu nikiyumba, ujue nimeyumba kweli.

Nianze na Jumapili.

Tulirudi kanisani, tukala ndizi na samaki wa Katwe, na wewe ukabaki umekaa. Hilo peke yake lilinishangaza, maana wewe ukishiba hutoka. Ukaiegemeza simu yako kwenye chupa ya chai, kioo kimekuelekea wewe, lile jicho lake la nyuma limenielekea mimi. Halafu ukaniuliza kwa upole usio wako, "Mama, hebu niambie ile siku ya maji ya Nyamwamba. Ilikuwa namna gani?"

Wakati wa mafuriko wewe ulikuwa bwenini, kwa hiyo nikaona ni haki yako kuuliza. Nikakueleza jinsi mto ulivyoshuka na mawe, jinsi nilivyotoka mbio na Biblia na sufuria, na mpaka leo sijui kwa nini sufuria. Tukacheka. Nikakueleza na blanketi tulizoletewa na kampuni fulani, na yule mpiga picha wao aliyetuambia tuziinue juu, halafu akatuambia tuziinue tena kwa sababu mzee mmoja alikuwa amefumba macho. Ukacheka tena. Kisha ukaniuliza, "Ulijisikia namna gani wakati ule, Mama?"

Hapo ndipo nilipokutazama. Hakuna mtoto wa Kasese anayemuuliza mama yake alijisikia namna gani. Mtoto anauliza kama sufuria ilipona. Nikakujibu kwamba niliogopa, na kwamba nilipofunikwa blanketi lile nililia. Nawe ukasema, "Mama, rudia hapo kwa blanketi. Polepole kidogo, kuku imepiga kelele."

Kuku amepiga kelele! Mumbere, maneno hayo mimi niliyasema wewe hujaota ndevu. Nilimwambia mtu, kwa upole huohuo, "Rudia hapo, pikipiki imepita." Nilijua unachofanya kabla hujamaliza kusema. Na bado nikarudia. Linaloniuma ni kwamba nilirudia vizuri kuliko mara ya kwanza. Nilipumua kidogo kabla ya kusema blanketi, nikaangalia chini, na yule mpiga picha nikamruka kabisa, bila wewe kuniambia nimruke.

Tangu siku hiyo nakutazama kwa pembe ya jicho. Ulisema kazi yako mpya ni ya mawasiliano, na kwamba mtu wa kwanza mtakayemhudumia ni kampuni inayosaidia watu waliopatwa na mafuriko. Hukuniambia ni kampuni gani. Hukuniambia inauza nini. Kampuni haiajiri vijana wenye shahada ili kugawa blanketi kimyakimya. Nimekushuku, mwanangu, na sikuona njia ya kukuambia hilo huku nakupakulia chakula.

Sasa nikueleze kwa nini. Nusu ya habari hii unaijua, maana ulikuwa ukijisifu kwa wenzako shuleni kwamba sauti ya gari la matangazo ni ya mama yako. Nusu nyingine sikukuficha. Sikupata tu mahali pa kuianzia.

Babu yako alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye machimbo ya shaba, na sisi tulizaliwa kwenye kota za wafanyakazi ambako kila nyumba ilikuwa na lugha yake, na uani wote tulisema Kiswahili. Watu wengine hapa Kiswahili chao ni cha askari, cha "afande" na "simama hapo". Changu kilikuwa cha kubembeleza watoto. Kwa hiyo baada ya mafuriko, ilipokuja kampuni ya mitungi ya kuchuja maji ikitafuta mtu wa kusema na wanunuzi wa Kikongo kwenye soko la mpakani, jina langu lilitajwa haraka. Nilipewa maiki, gari lenye spika mbili juu, na dereva. Bosi wetu alikuwa kijana wa Kampala aitwaye Rogers. Alikuwa na viatu ambavyo havikushika vumbi hata la Muhokya, kwenye matanuri ya chokaa, na hilo pia lilinitia mashaka, ila niliajiriwa hivyohivyo.

Mtungi wenyewe uliuona. Ni wa plastiki, sehemu mbili, na katikati kuna jiwe jeupe. Unamimina maji ya mto juu, yanapita kwenye jiwe, chini yanatoka meupe. Ulikuwa mzuri, sitasema vinginevyo. Lakini jiwe linachoka. Baada ya miezi kadhaa linahitaji kubadilishwa, la sivyo unakunywa uchafu uleule, tena kwa imani. Na mawe ya kubadilisha hayakuwa yameletwa. Nilimuuliza Rogers siku ya kwanza kabisa.

"Mama, itakuja," akasema. "Sasa wewe sema tu mtungi inadumu."

"Na jiwe?"

"Jiwe hatujasema kitu. Mtungi inadumu ama haidumu?"

Ule wa plastiki unadumu. Mpaka leo upo pale nyuma ya choo, tunawekea maganda. Nikaona basi, sijadanganya mtu. Nikasema mtungi wa kudumu kuanzia Kasese mpaka Mpondwe mpakani, na kila niliposema nilijua ni kitu gani hakijasemwa. Nilidhani nikikijua mimi inatosha.

Mauzo yalikuwa ya wastani. Watu wa mpakani wameuziwa vitu vingi na wamekimbia vitu vingi, hawafungui mfuko kwa sababu ya spika. Wazo la kutumia ushuhuda lilikuwa langu, usimpe Rogers. Nililitoa kanisani. Unakumbuka kule kwetu mtu akipona anasimama mbele, anasema jina lake, anasema alivyokuwa na alivyo sasa, na kanisa linaamini kwa sababu linamjua na litaendelea kumwona. Unamkumbuka na yule mzee wa mguu, aliyeshuhudia kwamba amepona, na baada ya muda mguu ukarudi kuvimba? Alisimama tena Jumapili moja akasema, "Ndugu zangu, umerudi." Hakuna aliyemcheka. Wakamwombea upya. Mimi niliichukua ile sehemu ya kwanza nikaipeleka sokoni. Ile ya kusimama tena nikaiacha kanisani, na wala sikuona kwamba nimeiacha.

Mtu niliyempata alikuwa Mama Kavira. Alikuwa mwanamke wa Butembo aliyekimbilia upande wetu na binti yake Kavira na wajukuu, akapanga chumba Mpondwe, akawa anauza mafuta ya mawese. Alinunua mtungi mapema, na siku moja akaja mwenyewe garini kunishukuru, hakuna aliyemwita. Nikamwomba aseme hayo kwenye mashine ya kurekodi. Akajifuta mikono, akasema:

"Miye njo Mama Kavira. Batoto ku nyumba yangu balikuwa banaumwa tumbo kila juma. Tangu nikamate huu mutungi, hakuna mutu anaumwa tena. Haki ya Mungu, mukuje muone!"

Pikipiki ikapita. Nikamwambia arudie. Akarudia, ikapita nyingine, akarudia tena huku anacheka. Hakukuwa na neno la uongo hapo ndani, Mumbere. Siku ile watoto walikuwa hawaumwi. Nikampa kitenge cha kijani chenye ndege, kutoka kwenye zawadi za kampuni, naye akakipokea kama zawadi ya rafiki kwa rafiki. Hakujua itapigwa wapi, wala kwa muda gani. Sikumwambia kwa sababu hakuuliza, na mimi nilifurahi kwamba hakuuliza.

Ile sauti iliuza. Wakongo wakisikia mtu anasema kama wao, tena mama wa makamo, tena anayeapa, walisimama. Mama Kavira akawa maarufu, wakamwita Mama wa Mutungi, na mwanzoni hata mafuta yake yalitoka haraka. Aliniletea chupa moja, tukayala hapa nyumbani na maharage. Wewe ulisema yana harufu.

Miezi ikapita. Mawe hayakuja. Wakati huohuo ikaingia kampuni nyingine inayouza vidonge vya kusafisha maji, na Rogers akatuita akatupa maonyo. Wale wa vidonge ni wakorofi, akasema, watatuma watu waje kulalamika mbele ya gari ili waharibu jina. Mtu akilalamika, uliza kwanza nani amemtuma. Halafu tabasamu, na muziki juu. Nami nikaona ni elimu. Nikaanza kumtazama kila mteja kama jasusi.

Basi ilikuwa siku ya soko, Mpondwe imejaa. Gari liko kwenye vumbi, sauti ya Mama Kavira inalia juu ya paa, na chini yake nikamwona Mama Kavira mwenyewe amesimama, kichwa amefunga kilemba cha kijani.

"Mama Mumbere, zima ile kintu."

"Kitu gani?"

"Ile sauti yangu. Zima. Ao unipatie mikro niseme ya leo."

Nilimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Niliona kile kilemba, kizuri, hakijafuliwa mara nyingi. Nikasema moyoni, tayari, wameshamnunua. Mtu niliyekula mafuta yake!

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Kunituma?"

"Ndiyo. Watu wa vidonge? Wamekupa nini?"

Watu walikuwa wameanza kusogea. Nikafanya nilivyofundishwa. Nilitabasamu, nikampa dereva ishara aongeze sauti. Mama Kavira alifungua mdomo kusema na sauti yake mwenyewe ikamfunika, haki ya Mungu, mukuje muone, kwa nguvu mpaka wenye vibanda wakaziba masikio. Akanisogelea, akaweka mdomo karibu na sikio langu.

"Mutoto ya Kavira njo alinituma," akasema. "Eko analala ku lopitalo ya Bwera. Tumbo inatoka maji tu. Njo yeye alinituma."

Akaondoka.

Ningependa kukuandikia kwamba nilizima hapohapo. Nilimaliza soko. Nilijiambia kwamba nitathibitisha kwanza, kwamba watu wa vidonge wanaweza kumfundisha mtu hata maneno ya namna hiyo. Unaona ubongo ulipokuwa umefika. Ni wakati wa kurudi ndipo nilipomwomba dereva asimame Bwera, hospitalini, na hata hapo, nakuapia, nilikuwa naenda kumkamata mtu na uongo wake.

Mtoto alikuwepo. Mkono umefungwa dripu, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Alikuwa amefunikwa kitenge cha kijani chenye ndege. Mama Kavira alikuwa amekaa upande wa kichwa, na kichwani kwake palikuwa na nusu nyingine ya kitenge kilekile. Alikuwa amekikata vipande viwili, kimoja chake, kimoja cha mjukuu. Kilikuwa kitenge nilichompa mimi. Nilikuwa nimemwona amevaa zawadi yangu nikadhani ni hongo ya wengine.

Hakunitazama. Kavira, mama wa mtoto, ndiye aliyesema, "Asante kwa kufika, mama." Hakujua. Nilitamani anitukane. Nilisimama pale na mfuko wa machungwa kama mjinga, nikauweka chini, nikatoka.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu kila nikimkumbuka. Wala sikuambii kwamba ni lile jiwe peke yake. Mimi si daktari, na uchafu una milango mingi. Lakini Mama Kavira alikuwa ameacha kuchemsha maji kwa sababu ya mtungi wa kudumu, na neno la kudumu lilitoka kinywani mwangu.

Kesho yake nilimfuata Rogers nikamwambia atoe sauti ya yule mama.

"Kwani alisema uongo?" akaniuliza.

"Hapana."

"Sisi iko neno tuliongeza?"

"Hapana."

"Sasa Mama, shida iko wapi?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa hoja na kijana ninayeweza kumzaa. Jibu lilinijia baadaye sana, nikiwa kanisani, nimemwona yule mzee wa mguu anachechemea kwenda kutoa sadaka. Ushuhuda una mwenyewe, na mwenyewe anaendelea kuishi. Ukimnyima nafasi ya kusimama tena, umemchukulia kitu ambacho hakukupa. Siku hizi nikisikia mtu anasema "kila neno ni la kweli," mwili unanisisimka. Nataka kujua ni la kweli la lini.

Na mimi nikafanya nini? Hapa ndipo sijisamehe, zaidi hata ya pale garini. Niliaga kazi. Nilisema koo linaniuma, watu wakanipa pole na asali. Halafu nikaanza kuwaambia wanunuzi, mmoja mmoja, nikikutana nao kisimani au kwenye duka, kwamba chemsheni maji, lile jiwe linachoka. Nilifanya hivyo kwa miezi na nilijiona mwema. Lakini hesabu yake ilikuwa mbovu, Mumbere. La kwanza nililitangaza kwa spika mbili juu ya gari, na hili la pili nikalinong'ona. Lile lilifika mpaka ng'ambo ya mto Lhubiriha. Hili lilifika kwa majirani.

Gari nalo liliendelea. Walimpata msichana mwingine wa maiki, na sauti ya Mama Kavira ikabaki. Watu wenye mitungi iliyochoka hawakumjua Rogers, wala ofisi iko wapi. Walimjua Mama wa Mutungi. Wakamfuata kwenye mawese yake wakidai jiwe, wengine wakidai warudishiwe chao, mmoja akamwagia mafuta chini. Akafunga biashara akavuka kurudi upande wake, kule alikokuwa amekimbia bunduki. Nilienda kumuaga nikakuta chumba kina mpangaji mwingine. Wiki chache baadaye nilikuwa Muhokya nanunua chokaa, nikaisikia inapita barabarani, miye njo Mama Kavira, furaha ileile, kicheko kilekile cha kurudia mara ya tatu. Mwenyewe alishahama, sauti ilikuwa bado kazini. Nilikaa chini pembeni ya barabara na mfuko wangu nikalia, na mtu wa chokaa akadhani ni vumbi.

Sikuandikii ili uache kazi. Nisikilize vizuri hapo, maana najua utamwambia shangazi yako kwamba Mama hataki niende. Kazi yenyewe bado naipenda. Nilitangaza siku za chanjo kwa maiki ileile, akina mama wakaja mpaka kutoka milimani, Nyakalengija na mbele yake, na hakuna kitu nilichofanya maishani kinachonipa usingizi mzuri kama hicho. Kumfikishia mtu neno linalomsaidia ni kazi ya heshima. Ninachokuogopea ni siku watakapokufundisha kuuliza "nani amekutuma." Watakufundisha vizuri, na viyoyozi, na chai. Watakuambia ni kulinda jina la mteja. Na hutaona siku utakapoanza kuitumia nyumbani.

Maana mimi nilianza kuitumia nyumbani. Unajua ninavyoishi. Jirani akiniletea maziwa nanusa kwanza maziwa, halafu nia yake. Baba yako alipofariki, watu walijaa hapa uani, na mimi mjane wa siku moja nilikaa kwenye mkeka nikiwapanga moyoni, huyu anataka kiwanja, huyu anataka kuonekana. Labda wawili walikuwa hivyo. Wengine wote walikuwa wanalia tu. Niliwanyima machozi yao na nikajinyima mimi faraja, na siku ile haitarudi.

Na sasa nimefika kwako.

Jana ulipoenda kuoga uliiacha simu juu ya kitanda. Niliishika. Namba zako za siri nazijua, usijidanganye, unazibonyeza mbele yangu kila siku. Nilikaa nayo mkononi mpaka nikasikia umeacha kumwaga maji, nikairudisha palepale, nikaigeuza kama ulivyoiacha. Sikufungua. Niliogopa kukuta ninachokishuku, na niliogopa zaidi nisikikute.

Kwa sababu kuna jambo jingine. Mwezi uliopita tulipokuwa tukimzungumzia baba yako, ulisema hatuna sauti yake hata moja. Picha tunazo, ile ya harusi na ile ya kitambulisho, lakini namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema neno, hiyo imekwenda naye. Ulisema hivyo, ukatoka nje. Sasa wewe unaondoka, na Jumapili moja kabla ya kuondoka unakaa mezani na mama yako, unaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, unamwambia asimulie kitu kirefu. Mama yeyote mwingine angeelewa mara moja. Angeelewa hata lile swali la kujisikia. Mimi mama yako nimelala nalo wiki nzima na mpaka sasa sijui kama ulinirekodi kwa ajili ya kampuni au kwa ajili ya kunikumbuka. Hicho ndicho kazi ile ilichonichukulia, mwanangu. Sijui.

Sitakuuliza nani amekutuma. Swali hilo nililimaliza kwa Mama Kavira.

Kama ni ya kampuni, ujue mimi ni mtu wa kuulizwa. Uje uniambie itapigwa wapi, mbele ya nani, inauza nini, na mpaka lini. Pengine nitakubali, unanijua napenda kusikika. Lakini siku nitakayokuambia zima, uzime, hata kama kila neno ni la kweli, hata kama bosi wako ana viatu visivyoshika vumbi. Na nikitaka kusema ya leo, unipe maiki, kwa sauti ileile ya mwanzo.

Na kama ulirekodi ili unisikie ukiwa mbali, basi nisamehe kwa wiki hii nzima niliyokutazama kama mwizi. Ila nikuombe kitu kimoja. Ile ya pili ifute. Ya pili nilikuwa kazini. Hifadhi ile ya kwanza, yenye mpiga picha na sufuria na kuku anapiga kelele. Hiyo ndiyo mama yako.

Mama Mumbere